Toleo jipya limetoka: nipakie leo au ningoje?

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Morogoro, anayejitolea kutunza programu za Debian, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, ameniandikia hivi:

"Shikamoo. Tangu mwaka jana natunza vifurushi viwili vya programu ndani ya Debian, na yupo mdhamini anayenipakilia kwa kuwa mimi bado sina ruhusa. Kimoja ni programu ya kupanga picha, inayoweka kumbukumbu zake kwenye hifadhidata ndogo. Kingine ni maktaba ya msimbo inayotegemewa na vifurushi vingine tisa. Waandishi wa ile programu ya picha wametoa matoleo matatu ndani ya wiki sita: 3.1.2, 3.1.3, kisha 3.2.0. Kila linapotoka napata arifa, na yupo mtumiaji ambaye haipiti wiki hajaniuliza nitapakia lini. Nikipakia naogopa kuharibu kazi za watu. Nisipopakia najiona nimeshindwa wajibu. Novemba nina mitihani ya kusimamia, na shule tunafunga mwanzoni mwa Desemba. Je, ipo kanuni ya kujua wakati?"

Marahaba, mwalimu. Kanuni ya kubandika ukutani kama ratiba ya vipindi haipo. Lipo swali ninaloanza nalo kabla sijagusa kitu, na nakuomba nawe uanze nalo: kwa siku kumi zijazo, nitakuwepo?

Nasema hivyo kwa sababu ukishapakia, safari ya kifurushi ndiyo kwanza inaanza. Kinaingia sid, tawi la Debian la programu mpya kabisa, kisha mashine za Debian zinakijenga kwa kila aina ya kichakataji inayotambuliwa rasmi. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, ina aina saba. Wewe umekijaribu kwenye moja tu, amd64 ya kompyuta yako ya nyumbani. Sasa s390x, ya zile kompyuta kubwa za IBM, hupanga baiti kinyume na za kwako, na programu inayosoma faili za picha ndipo hasa tofauti hiyo inapopenda kujitokeza. Ujenzi ukifeli huko ambako zamani ulifaulu, kifurushi kinakwama sid, hakivuki kwenda testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo rasmi lijalo. Ukifaulu, bado kinangoja: siku 5 kwa uharaka wa kati, 2 kwa uharaka mkubwa, 10 kwa mdogo. Siku hizo wamepewa watumiaji wa sid ili waseme kama kimewaharibia kitu, na ripoti moja tu ya hitilafu nzito inakizuia palepale. Muda wote huo mtu wa kusoma ripoti, kuomba maelezo zaidi na kutuma marekebisho ni wewe, ambaye hulipwi na una madaftari ya kusahihisha. Ndiyo maana muda wako ninauweka mwanzoni mwa hesabu.

Mimi nilijifunza hili kwa maktaba kama hiyo yako. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza maktaba ndogo ya kusoma majedwali. Ijumaa jioni nikaona toleo jipya, tarakimu ya mwisho tu ndiyo imepanda. Nikaijenga, majaribio yakapita, nikapakia, usiku nikapanda basi kwenda msibani Tanga, kijiji ambacho mtandao ni wa kubahatisha. Kumbe ndani yake jambo moja lilikuwa limegeuzwa. Zamani kisanduku kitupu kwenye jedwali kilirudishwa kama maandishi yasiyo na herufi. Sasa kikawa kinarudishwa kama hakuna thamani kabisa. Vifurushi vinne vilivyoitegemea vikaanza kuanguka. Niliporudi siku ya tano nikakuta ripoti kumi na moja, na mwenzetu mmoja alikuwa amekesha usiku mbili akitafuta kosa kwenye programu yake mwenyewe, ambayo haikuwa na kosa lolote. Marekebisho yalinichukua dakika ishirini. Zile usiku mbili za mwenzangu ndizo zinazonirudia kichwani kila nikitaka kupakia Ijumaa.

Kwa hiyo usiiamini sana namba ya toleo. Waandishi wengi hufuata mtindo wa tarakimu tatu: ya mwisho ikipanda ni marekebisho tu, ya katikati ikipanda kuna vipya, ya kwanza ikipanda mambo ya zamani yanaweza kuvunjika. Ni ahadi nzuri, na wengi huitimiza kwa uaminifu. Lakini aliyeandika namba hiyo anajua alichokusudia kubadilisha. Hajui mtumiaji wako wa Lindi anategemea nini.

Kinachosema kweli ni tofauti kati ya msimbo wa zamani na mpya, na hakuna njia ya mkato ila kuisoma. Najua inachosha. Nisome vipi mistari elfu nne? Mimi huanza na sehemu zisizo na msimbo: faili ya mipangilio, maelezo ya ujenzi, orodha ya vitegemezi. Wakati mmoja orodha ya mabadiliko ya programu ya kuhifadhi rekodi iliandika tu kwamba utendaji umeboreshwa. Katika faili ya mipangilio, chini kabisa, mstari wa `keep_days = 30` ulikuwa umegeuka `keep_days = 7`. Mtu ambaye hajawahi kugusa mipangilio angesasisha jioni, na asubuhi rekodi zake za wiki tatu zimefutwa. Programu ingekuwa imefanya kazi sawasawa, hakuna jaribio ambalo lingelalamika. Niliwaandikia waandishi, wakakiri kwamba walisahau kutaja. Nikapakia baadaye, nikirudisha 30, na nikaweka tangazo kwenye faili ya NEWS.Debian ili mtu alione wakati anasasisha.

Sasa nije kwenye shinikizo, kwa sababu naona katika barua yako ndilo linalokunyima usingizi kuliko msimbo.

Mwezi Machi 2024 yalitokea mambo ambayo kila mtunzaji wa kifurushi anapaswa kuyajua kwa undani. Ipo programu ya kubana faili iitwayo xz, ambayo karibu kila mfumo wa Linux inayo. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin, akijitolea kama wewe. Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zilianza kumsukuma hadharani: mbona mambo yanakwenda polepole, mbona hutaki msaidizi. Msaidizi akapatikana, akaaminiwa kidogokidogo, hatimaye akawa anatoa matoleo yeye mwenyewe. Matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yakatoka na mlango wa siri uliolenga seva za SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. Na angalia jinsi hila hiyo ilivyofika kwetu: tarehe 25 Machi akaunti nyingine isiyojulikana ilifungua ripoti Debian ikiomba 5.6.1 ipakiwe, wengine wakajitokeza kuunga mkono, kwa lugha ileile ambayo wewe unaipata kila wiki. Toleo likapakiwa. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, akaufichua mlango huo. Alikuwa ameona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya sid kunachelewa kwa takribani nusu sekunde kuliko kawaida, akakataa kulipuuza.

Mambo mawili ya tukio hilo ndiyo nataka uyashike. La kwanza: sehemu iliyowasha mtego, faili iitwayo `build-to-host.m4`, haikuwamo kwenye hazina ya wazi ya msimbo. Ilikuwemo ndani ya kifurushi cha chanzo kilichotolewa kwa upakuaji peke yake, na mzigo wenyewe ulifichwa kwenye faili za majaribio. Anayesoma hazina tu hakuwa na namna ya kuiona. Tangu hapo mimi hupakua vyote viwili, ile alama ya toleo kutoka git, yaani hazina ya wazi, na faili iliyobanwa, nikavifungua kwenye folda mbili na kuendesha `diff -r`. Kukiwa na faili upande mmoja ambayo upande wa pili haipo, na hakuna maelezo ya kueleweka, sipakii, hata nikiandikiwa barua mia. Dakika tano hizi nakusihi uzifanye kila mara.

La pili: waliokuwa kwenye Debian 12, iliyokuwa stable, yaani toleo rasmi la wakati huo, hawakuguswa. Wao walikuwa na xz 5.4.1, nao hawakuhitaji kufanya chochote. Kusubiri kwa tawi la stable, ambako watu wengi hukusema kana kwamba ni uzembe, siku ile kuliwalinda walimu, hospitali na ofisi zote zilizotumia toleo hilo.

Tena uangalie namba ambayo Debian ililazimika kutumia kurudi nyuma: 5.6.1+really5.4.5-1. Isomeke hivi: mfumo unadhani ni 5.6.1, lakini ndani ni 5.4.5. Ilibidi kwa sababu namba ya kifurushi haishuki; kompyuta ya mtumiaji haitakubali 5.4.5 ikiwa tayari inayo 5.6.1. Hapo ndipo utaelewa kwamba kupakia ni kama kumwaga maji. Ukipakia toleo la majaribio ya mwisho, liandike kwa alama ya wimbi, mfano 2.0~rc1, ambayo huhesabiwa kuwa chini ya 2.0, vinginevyo toleo kamili likija utajikuta umejifungia mlango.

Hata hivyo sitaki utoke hapa ukiamini kwamba kukaa na toleo la zamani ni usalama. Kusubiri nako kuna waathirika, ila hawaandiki barua kwa sababu hawajui walichokosa. Waandishi wa programu nao huumia. Mwaka 2016 Jamie Zawinski, mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kufunga na kupamba skrini, aliitaka Debian iiondoe programu yake kuliko kuendelea kuigawa ikiwa imechakaa, maana alikuwa amechoka kupokea ripoti za hitilafu alizokwisha kuzirekebisha zamani. Watu wengi walimwona mkali. Mimi namwelewa. Ukikaa na toleo la miaka miwili kwenye sid bila sababu, mzigo wa uvivu wako anaubeba yeye.

Na usalama una sheria yake. Heartbleed, tundu la OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya mtandao kwa usimbaji, ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, haikuwa suala la kusubiri likizo. Waandishi wa OpenSSL walitoa 1.0.1g, Debian haikuwapandisha watumiaji wa stable hadi toleo hilo, ilichukua kiraka chenyewe, yaani mistari ya kuziba tundu tu, ikakishonea kwenye toleo lililokuwepo na kuliita 1.0.1e-2+deb7u5. Mtu akiona 1.0.1e angedhani bado yuko hatarini, kumbe tundu limezibwa. Ndivyo stable inavyotunzwa: tundu linazibwa, tabia ya programu inabaki ileile. Vipo vichache vinavyopandishwa toleo zima hata stable, kama kivinjari cha Firefox ESR, kwa kuwa kushona viraka kwenye kitu kikubwa namna ile hakuwezekani, na yale matoleo madogo ya PostgreSQL, kwa kuwa waandishi wake wameonyesha miaka yote kwamba hawachanganyi marekebisho na mambo mapya. Kifurushi chako hakimo katika kundi hilo.

Kushona kiraka nako kunataka unyenyekevu. Mwaka 2006 mistari michache ya OpenSSL ilizimwa ndani ya Debian ili chombo cha kukagua kumbukumbu kiache kulalamika. Mei 2008 Luciano Bello akagundua matokeo yake: funguo za siri zilizotengenezwa kwenye mifumo hiyo zilikuwa na uwezekano wa elfu thelathini na ushei tu kwa kila aina na ukubwa, kiasi ambacho mtu anaweza kuzijaribu zote. Karibu miaka miwili dunia ilikuwa inatumia funguo hizo. Kiraka chochote unachoandika mwenyewe, kipeleke kwa waandishi wakisome kabla hakijafika kwa watu.

Kuhusu maktaba yako inayotegemewa na vifurushi tisa, hapo uamuzi si wako peke yako. Endesha `build-rdeps` upate majina, kisha ujenge vyote tisa dhidi ya toleo jipya kwenye kompyuta yako, usiku mmoja unatosha ukiiacha ikijenga wewe umelala. Vikijengwa vyote na majaribio yao yakapita, pakia. Kimoja kikivunjika, mwandikie mtunzaji wake kwanza, na umpe angalau wiki mbili. Ikiwa namba ya kiunganishi cha maktaba imebadilika, ile inayoonekana mwishoni mwa jina la kifurushi kama libssl3, basi ni hamahama kamili, yaani vyote vinavyoitegemea lazima vijengwe upya pamoja: weka kwenye experimental, tawi la majaribio, kisha uombe nafasi kwa timu ya utoaji. Usiianzishe mwenyewe, kwa sababu inaweza kugongana na hamahama ya mwenzako na vifurushi mia vikakwama pamoja.

Kalenda ya kufunga milango, yaani ya kuzuia mabadiliko kabla ya toleo rasmi, ijue kama unavyoijua ya mitihani. Kuelekea Debian 13, hamahama zilisimamishwa tarehe 15 Machi 2025, mwezi uliofuata ukaja ufungaji mwepesi, na tarehe 15 Mei ukaja ule mzito. Baada ya hapo toleo jipya kubwa kwenye sid ni kujisumbua na kuwasumbua wengine, maana linaziba njia ya marekebisho madogo ambayo bado yangeruhusiwa kuvuka. Kipindi hicho vipya vyote vipeleke experimental.

Nimesoma orodha za mabadiliko za matoleo yako matatu na nimeyafungua.

3.1.2 ni marekebisho ya tafsiri na programu kuanguka ikikutana na picha iliyokatika. Lingeweza kungoja, na kwa kuwa limeshapitwa, liruke.

3.1.3 ni habari nyingine. Linaziba tundu ambalo picha iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kuandika nje ya eneo lake la kumbukumbu, na watu wanatumiana picha mchana na usiku. Hili usingoje. Mwandikie mdhamini leo, lipakiwe sid kwa uharaka mkubwa. Kisha toa kile kiraka peke yake, kina mistari kumi na minne, ukishonee kwenye toleo lililoko stable, na uwaandikie timu ya usalama uwaulize kama wanataka kukitoa wao au kiingie kwenye toleo dogo lijalo la stable, ambalo hutoka takribani kila miezi miwili. Nilikwambia uanze na swali la kama utakuwepo. Kwa tundu la usalama, jibu likiwa hapana, mtafute atakayekuwepo. Debian ina utaratibu wa mtu asiye mtunzaji kupakia marekebisho, na hakuna aibu kuomba.

3.2.0 ndilo ninaloliogopa. Limebadilisha muundo wa hifadhidata. Nilichukua folda ya picha zangu 212, nikatengeneza nakala ya hifadhidata, nikaifungua kwa 3.2.0. Ilizungusha kama sekunde nne bila kuuliza neno, picha zote zikaonekana, vizuri kabisa. Nikafunga, nikarudisha 3.1.3, nikafungua tena. Ikagoma: muundo haujulikani. Lebo zote nilizoweka kwa mkono, majina ya watoto, tarehe za harusi, hazikusomeka. Mimi nilikuwa na nakala. Mtumiaji wako hatakuwa nayo, na hatajua kwamba alitakiwa kuwa nayo.

Kwa hiyo 3.2.0 lipeleke experimental kwanza, ambako halitavuka lenyewe kwenda testing. Waandikie waandishi uwaombe programu itengeneze nakala ya hifadhidata kabla ya kuigeuza. Ni mistari michache, na nadhani watakubali kwa kuwa hata wao watalaumiwa. Wakikataa, andika tangazo kwenye NEWS.Debian lenye amri ya kunakili, na njia halisi ya faili, siyo "hakikisha una nakala" tu. Kumbuka pia kwamba Ubuntu, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Debian, huchota vifurushi vingi kutoka kwetu, kwa hiyo utakachoweka sid kitafika kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina lako, na baadhi yao wanalipia kila megabaiti kwa bando.

Yule anayekuandikia kila wiki mjibu kwa upole na ukweli: toleo liko experimental, sababu ni hifadhidata, na kama yuko tayari, alijaribu kwa nakala ya picha zake na akuletee majibu. Mtu mwenye hamu kiasi hicho anaweza kuwa msaidizi wako mzuri kuliko wote. Kama yuko kwenye stable na anachotaka ni toleo jipya tu, mwambie kwamba likishafika testing mnaweza kulitengenezea backports, ghala la matoleo mapya kwa watumiaji wa stable, ambako mwenye kutaka huchagua mwenyewe.

Tarehe ya kulihamishia sid usiipange kwa kuangalia waandishi wametoa lini. Umesema Novemba una mitihani ya kusimamia na shule mnafunga mwanzoni mwa Desemba. Basi iwe Jumanne ya kwanza ya likizo, asubuhi, ukiwa na wiki mbili mbele yako bila safari. Mdhamini wako mwambie tarehe hiyo sasa hivi, ili naye awepo.